Ukurasa wa afya na sisi wenye tumbo joto

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie namna magazeti yetu, likiwamo hili ninalolinunua kila Jumamosi, yanavyoandika habari za magonjwa ya tumbo. Sina nia ya kulaumu, kwani mengi ninayoyajua kuhusu afya nimeyasoma humu humu. Naandika kwa sababu mimi ni mmoja wa wasomaji ambao makala ya dalili za ugonjwa huwanyima usingizi, na kwa jinsi ninavyosikia mazungumzo ya wenzangu kazini na ndani ya daladala za Mtumba, naamini tuko wengi.

Nilihamia Dodoma mwaka 2017 pamoja na ofisi yetu, wakati Serikali ilipokuwa ikihamisha wizara kutoka Dar es Salaam. Mwaka 2021 kaka yangu mkubwa alifariki kwa saratani ya tumbo. Kwa miezi mingi alikuwa akinunua dawa za kupunguza asidi kwenye duka la dawa, akiamini kwamba ana vidonda vya tumbo, huku anakonda na chakula kinamkwama kifuani, na hakuna aliyemwambia kwamba mambo hayo mawili peke yake yalitosha kumpeleka hospitali kubwa. Alipofanyiwa endoskopi, yaani kipimo cha kuingiza mpira wenye kamera kupitia mdomoni hadi tumboni, ugonjwa ulikuwa umekwisha kusambaa. Tulimzika, nikarudi kazini, na baada ya miezi michache nikaanza kusikia moto chini ya chembe cha moyo.

Wakati huo nilikuwa nimekata gazetini makala moja iliyoorodhesha dalili za saratani ya tumbo: kiungulia, kushiba upesi, tumbo kujaa gesi, kichefuchefu, uchovu, kukosa hamu ya kula. Nilizihesabu kwa kalamu na nikajikuta ninazo tano. Orodha ile ilikuwa sahihi, kwa maana mgonjwa wa saratani ya tumbo anaweza kuwa nazo zote. Lakini makala nzima haikuwa na sentensi hata moja ya kumweleza msomaji kwamba dalili hizo hizo, mara nyingi zaidi, huwapata watu wasio na saratani wala kidonda, na kwamba daktari huzipima kwa kuangalia umri wa mtu, muda zilizodumu na dalili nyingine zinazoambatana nazo. Kwa msomaji mwenye moyo uliotulia upungufu huo si kitu, lakini mimi nilikuwa nimetoka msibani.

Miaka miwili iliyofuata niliimaliza kwenye maabara. Kazi yangu ni kutunza kumbukumbu, kwa hiyo kila jibu la kipimo nililiweka kwenye faili kwa tarehe, na faili hilo likanenepa kuliko la mtumishi mwenye miaka thelathini kazini. Mara tatu nilipimwa damu na kuambiwa kwamba nina bakteria wa vidonda vya tumbo, na mara zote tatu nilimeza kwa siku 14 antibayotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Kila mara nilipomaliza dozi tumbo lilichafuka zaidi, nami nikachukulia kuchafuka huko kuwa ushahidi kwamba ugonjwa umeshinda dawa.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Usiku nilikuwa nikijibonyeza tumbo kwa vidole viwili nikitafuta uvimbe, mpaka ngozi ikawa inauma kwa kubonyezwa, kisha nikaogopa maumivu yale niliyoyasababisha mwenyewe. Nilikuwa naingia chooni na tochi ya simu kukagua rangi ya kinyesi. Siku moja nilikiona cheusi, nikatetemeka mpaka mume wangu akaniita bajaji saa nane usiku. Hospitalini nesi aliniuliza swali moja tu, kama ninatumia vidonge vya kuongeza damu, na kweli nilikuwa nimeanza kuvitumia wiki hiyo, kwa maana madini ya chuma hugeuza kinyesi kuwa cheusi. Nilifarijika kwa muda usiozidi saa sita.

Halafu kulikuwa na chakula. Kila jirani alinikataza kitu kimoja: maharage, ndimu, nyanya, chai ya rangi, dagaa, pilipili. Nilivitii vyote kwa pamoja, nikabaki na uji, viazi vya kuchemsha na juisi ya kabichi. Jumamosi nilikuwa nikienda Soko la Majengo kumlipa kijana mwenye mizani ya barabarani anipime uzito, na uzito ulikuwa unashuka, kama ambavyo ungeshuka kwa mtu yeyote anayeishi kwa uji. Lakini mimi nilimkumbuka kaka yangu alivyokonda. Nilikuwa nikisimama juu ya mizani ile na viatu nimevivua, nikisubiri kijana ataje kilo, huku moyo unapiga mpaka nauona kwenye blauzi.

Naeleza haya yote kwa sababu watu husema mgonjwa wa namna hii anajifanyisha, na si kweli. Maumivu yalikuwepo. Tumbo lina mtandao wake wa neva wenye chembe zaidi ya milioni 100, unaowasiliana na ubongo wakati wote, na mtu anapoingiwa na hofu mwili humwaga homoni ambazo huchelewesha chakula kutoka tumboni na wakati huo huo huharakisha utumbo mpana. Hapo ndipo zinapotoka gesi, kushiba kwa vijiko vitatu na kukimbilia chooni kabla ya usaili wa kazi. Tena kwa mtu ambaye hofu imekaa naye muda mrefu, neva hizo huwa nyepesi kuhisi kiasi kwamba hata chakula kinachopita kawaida husikika kama kidonda. Nanyi magazeti mnalijua jambo hili, kwa kuwa kila mabadiliko ya viongozi yanapokaribia huandika kwa herufi kubwa kwamba vigogo wana tumbo joto. Lugha yetu iliona zamani kwamba hofu hukaa tumboni.

Aliyenifungua macho alikuwa daktari mmoja ambaye nilimpelekea faili lote. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, tofauti na wenzake waliotangulia, kisha akalifunga na kuniuliza, “Mama, hofu hii ilianza lini?” Nililia kabla sijajibu. Katika miaka miwili na vipimo vyote vile, hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo.

Ndiye aliyenieleza kwamba kipimo cha damu nilichokuwa nikirudia hutafuta kingamwili (silaha ambazo mwili hutengeneza kupambana na bakteria), ambazo zinaweza kubaki mwilini kwa miezi au hata miaka baada ya bakteria kufa, kwa hiyo hakiwezi kumwambia mtu aliyekwisha kutibiwa kama amepona. Kipimo cha kinyesi kinachowatafuta bakteria wenyewe, au kile cha pumzi, ndicho kinachofaa, na mtu anatakiwa awe ameacha antibayotiki kwa wiki nne na dawa za kupunguza asidi kama omeprazole kwa wiki mbili kabla ya kupimwa. Nilisubiri, nikapimwa kinyesi, sikuwa nao. Kwa kuwa ndugu yangu wa damu alikufa kwa saratani ya tumbo, daktari alinifanyia endoskopi pia, mara moja, na hakukuta kidonda.

Hapa ningependa nisieleweke vibaya. Wapo wanaosema vidonda vya tumbo ni mawazo tu, na hilo nalo ni kosa. Hata madaktari wengi waliamini kwamba vinaletwa na mawazo na asidi, mpaka mwaka 1982, Barry Marshall na Robin Warren walipowagundua bakteria wa Helicobacter pylori kule Australia. Wenzao walipokuwa bado wanasitasita, Marshall alikunywa mchanganyiko wenye bakteria hao mwaka 1984 akaugua mwenyewe, na mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Kidonda cha kweli kina sababu yake, iwe ni bakteria hao au matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, nacho kinatibika. Ila karibu nusu ya watu duniani wamewahi kuwa na bakteria hao na wengi wao hawapati kidonda maishani, kwa hiyo jibu la “chanya” kwenye karatasi ya maabara halitoshi kueleza kila moto wa chembe cha moyo. Wengi wanaofanyiwa endoskopi kwa maumivu ya sehemu hiyo hawakutwi na kidonda. Tumbo lao linauma kweli, na linahitaji tiba ya aina nyingine.

Kwangu tiba hiyo ilikuwa kliniki ya afya ya akili, na nakiri kwamba nilikataa mara mbili kwenda. Hapa Dodoma mtu akikwambia uende Mirembe amekutukana. Tunaishi jirani na Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, lakini jina lake tumeligeuza kuwa neno la kumfokea mtoto au kumkejeli mwenzako ofisini. Kila anayelitumia hivyo, nami nililitumia kwa miaka mingi, anamfungia mlango jirani yake ambaye usiku huo huo anajibonyeza tumbo gizani.

Tiba yenyewe ilikuwa ya mazungumzo, saa moja kila wiki kwa wiki kumi na mbili. Nilifundishwa kwamba kila nilipojikagua, kila nilipomwambia mume wangu “hebu nishike hapa”, na kila nilipotafuta dalili kwenye simu, hofu ilipungua kwa muda mfupi na kurudi na deni kubwa zaidi. Basi tuliacha kimoja kimoja. Kwanza mizani. Kisha tochi ya chooni. Kubonyeza tumbo ndiko kulikokuwa kugumu kuliko vyote, na nilikuwa nalala nimeshika rozari kwa mikono yote miwili ili vidole visipate nafasi. Mume wangu naye alifundishwa asinijibu kwamba sina uvimbe, bali aniambie, “Hilo ni swali la hofu, tulipeleke kwenye saa yake.” Saa hiyo, niliyopangiwa kuwaza hofu zangu zote kwa pamoja, ilikuwa kumi na moja jioni, dakika ishirini, na daftari. Mara nyingi ilipofika nilikuwa nimesahau nilichotaka kukiogopa.

Chakula nilikirudisha polepole. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Mvumi na unga wa uwele na mlenda mkavu, akakaa nami mezani wiki nzima bila kuniuliza habari za ugonjwa, na siku ya nne nilikula maharage. Kiungulia bado hunijia, hasa nikilala mara baada ya kula au mwisho wa mwezi kazi zinapokuwa nyingi. Huwa nakaa wima, napumua taratibu, nasubiri. Nimekubaliana na daktari kwamba tumbo likinisumbua nitamwona yeye mmoja tu, kwa siku tuliyopanga, badala ya kuzunguka maabara.

Sasa ombi langu kwako, Mhariri. Ukurasa wako wa afya unapochapisha dalili za ugonjwa wa tumbo, naomba uzitenganishe. Zipo za hatari zisizopaswa kusubiri: kutapika damu, kupata choo cheusi kama lami bila kutumia vidonge vya madini ya chuma, kupungua uzito pasipo kubadili mlo, chakula kukwama wakati wa kumeza, kutapika mfululizo, kupungukiwa damu, au maumivu mapya kwa mtu wa umri mkubwa. Kama kaka yangu angezisoma hizo peke yake, zikiwa zimeandikwa kwamba mwenye nazo aende hospitali wiki hiyo hiyo na asiende duka la dawa, huenda angepimwa mapema. Nyingine zote ziandikwe kwamba ni za kawaida, kwamba mara nyingi hazitokani na saratani, na kwamba mtu aliyekwisha kupimwa vizuri lakini bado haachi kuogopa ana haki ya kutibiwa hofu yake. Sentensi mbili zinatosha.

Ombi la pili ni kuhusu matangazo. Kurasa chache baada ya makala ya daktari, mara nyingi hukuta tangazo la dawa inayodai kumaliza vidonda vya tumbo, gesi, presha na nguvu za kiume kwa chupa moja, nalo huanza kwa orodha ndefu ya dalili inayomgusa kila mwenye tumbo. Nimewahi kununua chupa tatu za namna hiyo kwa fedha ya ada ya mtoto. Najua gazeti huendeshwa kwa matangazo, lakini matangazo ya dawa zisizosajiliwa yana sheria zake, na wahariri mna uwezo wa kumuuliza mwenye tangazo aonyeshe usajili kabla hamjapokea fedha yake.

Kama mwandishi wa ukurasa wa afya atapenda kuandika habari za hofu ya magonjwa, niko tayari kuzungumza naye na kumwonyesha faili langu. Jumamosi baada ya saa nne asubuhi huwa nimesharudi kutoka sokoni.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtunza kumbukumbu,
Ipagala, Dodoma.
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi.)