Barua kwa mwanangu kabla ya kuondoka Lushoto

Mwanangu mpendwa,

Umesema mtatembea kwa miguu katika milima ya Usambara, kutoka Lushoto hadi kijiji cha Mtae, na kwamba siku ya kwanza mtakatiza msitu wa Magamba mkalale Rangwi. Nimefurahi sana. Ninakuandikia kuhusu siku hiyo moja tu, kwa sababu ndiyo inayoamua nyingine zote. Kinachomrudisha mtu Mombo, kule chini kwenye barabara kuu, kutafuta basi mara nyingi si mlima, ni lengelenge lililoanza asubuhi naye akalivumilia hadi mchana.

Kwanza zile buti za mitumba. Ngozi yake ni nzuri, lakini kagua sponji iliyo kati ya ngozi na soli. Aina nyingi za sponji hiyo huoza taratibu kwa unyevu wa hewa, hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Soli hubanduka ghafla siku kinapopewa kazi. Bonyeza kwa kidole gumba, kikunje mara ishirini. Ukiona nyufa au unga unaomeguka, kiache nyumbani. Gundi ya fundi haitasaidia, maana kilichooza ni sponji yenyewe. Afadhali raba ulizozizoea, mradi soli yake ina meno. Udongo mwekundu wa kule ukilowa huteleza kama sabuni.

Kata kucha za miguu siku mbili tatu kabla, si asubuhi ya safari. Soksi za pamba hushika jasho na kulainisha ngozi, nayo ngozi laini ndiyo inayochubuka. Vaa za sufu au za nailoni, na beba jozi kavu ya kubadilisha mchana. Ukihisi mahali panapata moto, kisigino au ubavu wa kidole, simama hapo hapo, hata kama wenzako wanapanda. Vua, futa jasho, bandika plasta pana isiyo na mikunjo. Dakika tano hizo zinaokoa siku tatu. Lengelenge likishatoka na haliumi sana, usilitoboe. Ngozi ya juu ndiyo kinga yake.

Mzigo usizidi sehemu ya tano ya uzito wako. Wewe una kilo 60, kwa hiyo mwisho ni kilo 12, na nane zinatosha ukiacha vile vya "huenda nikahitaji". Vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa mabega. Funga mkanda wa begi juu ya mifupa ya nyonga kwanza, ndipo uvute kamba za mabega.

Anzeni saa moja asubuhi. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na kwenye migongo ya Magamba mtapita mita 2,000. Mpandaji mwenye mzigo huhesabu zaidi ya saa nzima kwa kupanda mita 600, mbali na muda wa umbali wenyewe. Mwendo uwe ule wa kuweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Juu kuna ukungu na baridi, kwani kila mita 1,000 joto hushuka kama nyuzi 6. Vaa sweta mara tu mnapoketi, kabla jasho halijapoa. Kibali cha kuingia hifadhini kilipiwe mapema, na mchukue mwongozaji mwenyeji. Njia za wakata kuni hugawanyika kila mahali. Mkimuuliza mtu njiani, msimwambie, "Hii inakwenda Rangwi?" Kwa adabu atajibu ndiyo. Salimuni kwanza, kisha ulizeni, "Ya Rangwi ni ipi?"

Maji, beba lita mbili. Vijito vilivyo chini ya mashamba ya kabichi na viazi usivinywe kabisa. Mboga hizo hupuliziwa dawa, na kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi dawa ya shamba. Vidonge vya kutibu maji navyo hivyo hivyo. Tena soma paketi, vingi vimepimwa kwa ndoo ya lita 20, si kwa chupa, na subiri nusu saa.

Kabla ya kuanza kuteremka, kaza kamba za viatu kwenye kifundo, kisigino kibaki nyuma. Usipofanya hivyo vidole vitagonga mbele na kucha zitakuwa nyeusi kesho yake. Hatua ziwe fupi, magoti yaliyokunjwa kidogo. Jioni miguu huwa imechoka, na hapo ndipo watu hutegua vifundo.

Mkifika, osha miguu kwa maji baridi na ukaushe katikati ya vidole. Viatu vilivyolowa vijaze magazeti, usiviweke karibu na jiko, gundi itaachia. Kisha nitumie ujumbe. Mtandao usiposhika bondeni, nitumie kesho mkipanda tena, nitasubiri.

Mama yako