Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu wa mapazia

Ndugu wanachama, dada zangu na kaka zangu manesi wa wodini, poleni na kazi. Mambo ya ada na vikao nayapitia haraka maana mweka hazina ameshabandika mahesabu ubaoni, mwenye swali amuone.

Mwaka huu tulikubaliana jambo moja, kumsitiri mgonjwa. Lilianzia pale wodi ya wanawake, mnakumbuka, bibi mmoja anawekewa mpira wa mkojo saa ya kuona wagonjwa, watu wamejaa, skrini ya wodi nzima ni moja nayo iko upande wa pili tairi limekatika, mwanafunzi anahangaika nayo, basi binti wa yule bibi akavua khanga yake ya juu akaishika kwa mikono miwili ikawa ndo pazia mpaka tukamaliza. Nilikuwepo. Bibi kafumba macho muda wote, kayabana kabisa, na kiukweli ile khanga ilitakiwa itoke kwetu sisi.

Kwa hiyo hela ya ada iliyobaki baada ya rambirambi tulinunua kitambaa, mafundi wetu wa hospitali wakachomea mabomba, sa hivi wodi mbili zina pazia kila kitanda. Wodi ya wanaume bado, hela iliisha, na wazee wanaogeshwa hadharani mpaka leo, hilo linaniuma sana.

Ila pazia peke yake halitoshi. Mama yangu mzazi alilazwa mwaka huu, hospitali nyingine sio hapa, nesi kijana akasimama mlangoni akauliza kwa sauti "nani hajapata choo?" Wodi nzima kimya. Mama naye kimya, akakaa siku tatu tumbo limejaa, mpaka nilipofika mimi akaninong'oneza. Ndo maana nasema hii sio adabu tu, ni matibabu, mtu akishaona aibu anaficha dalili na wewe unaandika kwenye faili kwamba anaendelea vizuri. Kadi za CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi, vilevile, usiiache juu ya kabati la mgonjwa, usiite "wale wa CTC" kwenye korido, sheria ya Ukimwi ya Tanzania ya 2008 inataka hiyo siri itunzwe na sisi ndo tunaoishika mkononi.

Leba nako. Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko 2014 kukataa akina mama kudhalilishwa wakati wa kujifungua, na 2018 likapendekeza mama awe na mtu wake anayemtaka pembeni. Tumeomba hilo kwa uongozi, lakini nilisema wazi kwenye kikao kwamba vitanda vimekaribiana mno, ukimleta mama mkwe wa huyu atamwona na yule wa jirani yuko uchi, kwa hiyo pazia kwanza halafu msindikizaji. Uongozi umekubali, tunasubiri utekelezaji.

Najua mtasema tuko wachache. Kweli, usiku nesi mmoja na wagonjwa wengine wamelala mzungu wa nne, siwezi kumlaumu aliyechoka. Lakini kumwamkia mzee shikamoo kabla hujamfunua shuka, kumwita kwa jina badala ya "namba 9", kumwambia unachotaka kumfanyia, hivyo tunaweza hata zamu ya usiku. Na nyie kaka zangu manesi, muulizeni mama wa watu kama yuko radhi umhudumie wewe, akisita muite dada, huku kwetu pwani hilo ni jambo zito, wala asionekane msumbufu.

Mwaka ujao ni wodi ya wanaume, na zile skrini mbovu zitafungwa tairi. Kitambaa tutanunua ila fundi wa kushona alitumaliza bei, kwa hiyo mwenye cherehani nyumbani na yuko tayari kushona anione kabla ya mwisho wa mwezi.