Waliorudishwa nao wahesabiwe

Mhariri,

Tangu nistaafu uuguzi sijawahi kukuandikia, lakini ile habari yenu ya vituo vya afya vilivyopongezwa kwa kuvuka lengo la makusanyo imenishinda kunyamazia. Mmetuandikia fedha zilizoingia. Hamkuuliza ni nani alirudi nyumbani bila kutibiwa.

Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu wa miaka mitatu kwenye kituo kimoja cha umma hapa Mwanza, homa ilimchemsha usiku kucha. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi, mjamzito hatozwi, wala mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo. Binti wa dirisha la malipo akaniinamia: "Bibi, wa msamaha kwa leo wametosha, ndivyo tulivyoambiwa." Nyuma yake ukutani kuna karatasi ya manila. Safu ya kwanza makusanyo ya kila siku, safu ya pili misamaha, na juu ya hiyo ya pili pameandikwa kwa kalamu nyekundu neno "hasara". Hasara! Mimi niliyezalisha wanawake wa mji huu miaka 31 nimesimama pale nasoma kwamba mjukuu wangu ni hasara. Nikalipa shilingi 9,000 kwa sababu nilikuwa nazo. Mama aliyenifuata kwenye foleni, ametoka mwaloni wanakoshushia samaki, na magamba ya dagaa bado yamemganda mikononi, hakuwa nazo. Akamfunga mwanawe mgongoni upya, akaondoka. Hakuna aliyeandika jina lake popote.

Simlaumu yule binti, wala mganga mfawidhi wake, yaani mkuu wa kituo. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu uanze mwaka 1993, tunaviambia vituo vitafute fedha na papo hapo vimtibu asiye na fedha, na pengo la aliyesamehewa hakuna anayelijaza. Mfawidhi wangu wa mwisho aliulizwa makusanyo kila jioni kwa simu. Vifo vya wajawazito aliulizwa kila robo mwaka. Mkaguzi alipokuja alitaka stakabadhi tu. Mtu huyo atahangaika na lipi kwanza?

Na mwaloni ni hayo hayo. Wanakikundi wa BMU, vikundi vya wanajamii vya kulinda rasilimali za uvuvi, wanatakiwa wazuie sangara wa chini ya sentimita 50, na baadhi yao wamepewa pia kazi ya kukusanya ushuru wa samaki hao hao. Akizuiwa sangara mchanga, ushuru unapungua. Ndiyo maana mizani inapima na macho yanatazama pembeni, halafu tunashangaa ziwa linakauka samaki.

Ninaomba safu ya tatu kwenye ile manila: waliorudishwa. Asiijaze mhasibu. Aijaze mjumbe wa Kamati ya Usimamizi ya Kituo, akae kwenye benchi la getini, aandike umri wa mgonjwa na alichokuwa anaumwa. Na kila kikao cha mapato kisomewe safu hiyo kwanza, kabla ya shilingi yoyote kutajwa.

Muuguzi mstaafu,
Mwanza