Bomba halipasuki kwa uzee peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nijibu hoja iliyotawala mjadala wa maji mjini kwetu siku hizi, kwamba mabomba makuu yanapasuka kwa sababu yamezeeka, na dawa ni kuyang'oa yote na kulaza mapya. Mimi ni fundi bomba mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya kwenye kikosi cha dharura, kile kinachogongewa mlango usiku wa manane. Mabomba mapya siyakatai. Ninachokataa ni kulitwisha bomba lawama ambayo nusu yake ni ya sisi tunaolishika.

Tuanze na huo uzee. Mabomba ya chuma cha kusubu yaliyolazwa Versailles, Ufaransa, katika karne ya 17 yalipeleka maji kwa zaidi ya miaka 300. Mimi mwenyewe nimefukua bomba la plastiki ambalo maandishi ya kiwandani yalikuwa bado yanasomeka, limekatika kwa sababu aliyelilaza aliliacha juu ya jiwe. Bomba lililolala juu ya mchanga uliosawazishwa hugawa uzito wa udongo na wa magari kwa urefu wake wote. Lililolala juu ya jiwe huubeba mahali pamoja, na kila lori linalopita linapiga hapohapo. Halafu likishakatika tunaambiwa plastiki haifai.

Mpasuko wenyewe husema sababu yake, ila uwe na subira ya kuutazama kabla hujafunga klampu, ile pingu ya chuma inayobana bomba na kuziba ufa. Ufa uliolizunguka bomba mara nyingi maana yake ardhi imesogea, au bomba limepinda likashindwa. Ufa uliokwenda na urefu wa bomba unakuelekeza kwenye presha iliyozidi, au ukuta wa bomba uliodhoofika. Vitundu vilivyozungukwa na chuma kinachomeguka kwa ukucha ni kutu, na kutu hiyo mara nyingi imeanzia nje, kwenye udongo, wala si kwenye maji. Kiungio kilichochomoka kwenye kona kinakwambia hapakuwa na zege la kuizuia kona isisukumwe. Sasa usiku ule, fundi kasimama ndani ya tope, simu ya msimamizi inaita, watu wanataka maji. Nani ataandika? Klampu inafungwa, shimo linafukiwa kwa udongo uleule na mawe yake, na ushahidi unazikwa nao. Bomba hilo likipasuka tena hatua chache kutoka pale, kikosi kingine kinafika kama wageni.

Jambo linaloniuma zaidi ni valvu, zile koki kubwa za kufungia maji kwenye mabomba makuu. Wasomaji wako wanajua kwamba bomba likipasuka mtaa mmoja, mitaa mingi hukosa maji. Hawaelezwi kwa nini. Ni kwa sababu valvu iliyo karibu haionekani, imefunikwa na lami na waliotengeneza barabara, au inaonekana lakini imeganda kama kufuli lililoachwa mvuani. Basi fundi anakwenda kwenye valvu ya pili, ya tatu, mpaka anafunga nusu ya mji ili atengeneze ufa wa mtaa mmoja. Tena kuna valvu za zamani zinazofungwa kwa kuzungushwa kinyume na nyingine. Kijana asiyejua anazungusha kwa nguvu zake zote kitu ambacho tayari kiko wazi mpaka kinakatika mkononi, na hapo matatizo yanakuwa mawili. Valvu inatakiwa izungushwe, ifungwe na kufunguliwa, angalau mara moja kwa mwaka. Kazi hiyo haihitaji mkopo. Inahitaji watu wawili, ufunguo wa valvu, na ramani inayosema ukweli.

Kisha kuna kufungua. Matengenezo yameisha, kila mtu amechoka, na mtu mmoja anaifungua valvu kwa haraka ili maji yarudi. Maji yanaingia kwenye bomba lililojaa hewa, yanakimbia, yanagonga mahali palipofungwa. Mafundi tunajua kishindo hicho, unakisikia miguuni. Katika bomba la chuma, maji yanayokwenda kwa kasi ya mita moja kwa sekunde yakisimamishwa ghafla huongeza presha ya takribani baa 10 (baa ni kipimo cha presha) juu ya ile iliyokuwepo. Bomba lenye kutu linaweza kuishi miaka mingi na presha yake ya kila siku. Pigo hilo halilivumilii. Ndiyo maana baada ya kutengeneza mpasuko mmoja tulikuwa tukiitwa kwenye mwingine mbele yake, na watu wanasema, "Si mnaona, mabomba yamechoka." Mfumo wa mgao, unaojaza na kumwaga bomba kila siku, unalirudishia bomba mateso hayo kila siku. Umeme unaokatika huku pampu inasukuma nao una kishindo chake.

Hili la usafi nitalisema kwa ufupi, ingawa lingestahili barua yake. Bomba lisimwagwe lote kabla mtaro haujachimbwa chini ya kimo cha bomba na tope halijavutwa nje. Presha ikiisha mapema, maji machafu ya mtaroni yanaingia ndani kupitia ufa uleule. Kipande kipya kipanguswe kwa klorini. Na baada ya hapo bomba lisafishwe kwa kuachia maji mpaka yatoke meupe. Wananchi, msitupigie kelele kwamba tunamwaga maji barabarani. Hayo mnayoyaona yanamwagika ndiyo ambayo hayatafika kwenye ndoo zenu na kutu yake.

Na msimamizi anayemharakisha kijana ashuke kwenye mtaro wa kina cha kifuani usio na mbao za kuzuia kuta, ajue kwamba mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Huyo hapaswi kuitwa msimamizi. Vivyo hivyo anayempa kijana mashine ya kukatia bomba la saruji na asbesto likiwa kavu. Vumbi lile ni ugonjwa wa mapafu unaongoja miaka. Bomba hilo hulowanishwa na kukatwa kwa msumeno wa mkono, polepole, hata kama mtaa mzima unanung'unika.

Sasa niseme ninachotaka. Kabla halmashauri haijapitisha fedha za kubadilisha mtandao mzima, iweke mezani daftari la mipasuko: mtaa, kipenyo cha bomba, aina yake, ufa ulivyokaa, kina, udongo wa pale, na valvu zilizofungwa. Kurasa hizo ndizo zitakazoonyesha kipande kinachopasuka kila mara, na hicho ndicho kianze kung'olewa. Katika miji mingi midogo ni vipande vichache vinavyowasumbua mafundi, na kila fundi mzee anavijua kwa majina ya mitaa yake. Mkibadilisha mtandao wote huku valvu zikibaki zimezikwa na mikono ikibaki na haraka ileile, mabomba mapya yatapasuka mapema kuliko mnavyodhani, na safari hiyo hamtakuwa na uzee wa kusingizia.

Kama daftari hilo lipo, mhandisi wa maji alitoe tulione, hata kwenye gazeti hili. Kama halipo, lianze na mpasuko utakaofuata. Mimi na wenzangu wachache tuliostaafu tuko tayari kutembea na vijana mtaa kwa mtaa kuwaonyesha valvu zilipo, pamoja na zile zilizo chini ya lami. Tunazikumbuka. Ila tusingoje sana, kwa sababu wengine kati yetu miguu imeanza kugoma.

Fundi bomba mstaafu
(Jina langu analo mhariri)