Programu ya bajeti siyo ya kuachiwa njiani

Mhariri, mimi ni mhasibu, msimu wa bajeti ukifika kila idara inaleta faili lake la Excel, juzi nimekesha mpaka saa saba usiku natafuta tofauti ya shilingi 40,000 kumbe mtu kaandika namba juu ya fomula. Ndo maana naelewa watu walivyofurahi Microsoft ilipotoa programu ya PerformancePoint Server mwaka 2007, bajeti, ripoti na uchambuzi vyote sehemu moja. Haikufika mbali, Januari 2009 wakatangaza dashibodi (kurasa za muhtasari wa namba) na uchambuzi vinahamia SharePoint, mfumo wao wa kushirikiana nyaraka ofisini, upande wa bajeti hauendelezwi tena. Jamani! Bajeti unajenga modeli, unafundisha mameneja, mnabishana miezi nani aidhinishe nini, halafu unaambiwa basi? 2015 ikaja Power BI, programu yao ya ripoti na uchambuzi, ripoti zake nzuri sikatai, ila namba za bajeti wengi bado tunazijaza kwenye Excel ile ile. Nawaomba mabosi wanaosaini leseni wamuulize muuzaji mapema, mkiiacha hii programu data zetu tunatoka nazo vipi, na jibu liandikwe kwenye mkataba.

Mhasibu, Dar es Salaam