Shukrani kwa mzee wa uwanjani Muncie

Mzee wangu, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma. Jumamosi ile pale Muncie, Indiana, nyaya ninazoshika mkononi kuongoza ndege yangu ndogo ya mfano zililegea ikiwa juu, ikaja kuchoma ardhi kwa pua, bawa likavunjika katikati. Nilikuwa naokota vipande vya balsa, ule mbao mwepesi, tu. Wewe ulipiga magoti nyasini, ukachungulia ndani ya bawa, ukanionyesha kibao cha plaiwudi kinachoshika wenzo wa nyaya: kilikuwa kimebanduka. Ningeunga bawa na kuacha ugonjwa ndani! Ukakata ncha za mbao mshazari ili gundi ya epoksi ipate pa kushika, ukasubiri nami hadi ikakauka.

Jana, kabla ya kurusha, nilizivuta nyaya kwa nguvu kama ulivyonifundisha. Imeruka. Asante sana, baba.