Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: Usugu wa dawa unapita kwenye mitaro yetu

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira,

Pokea salamu zangu. Nakuandikia kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, jambo ambalo tumezoea kuliachia Wizara ya Afya. Tunahimizwa tumalize dozi, tusinunue dawa bila cheti cha daktari. Ni sahihi kabisa. Lakini hata anayemaliza dozi yake leo anaweza kula bakteria sugu kesho kwenye kachumbari.

Fika bonde la Mto Msimbazi hapa Dar es Salaam asubuhi, wakulima wakimwagilia mboga. Maji wanayochota yamepita viwandani, machinjioni na kwenye vyoo vinavyotapishwa mvua zikianza. Kando ya matuta kuna viroba vya mbolea ya kuku, maranda bado yamo. Kuku hao wa nyama wamenyweshwa OTC (oxytetracycline, dawa ya kuua bakteria, yaani antibiotiki) tangu vifaranga, mara nyingi kabla hata hawajaugua: mfugaji anakoroga unga wa njano kwenye maji, anasema ni kinga. Sehemu kubwa ya dawa hiyo hutoka na kinyesi ikiwa bado na nguvu, ikaishia kwenye udongo. Humo bakteria dhaifu hufa, sugu hubaki, na hao hurithisha vinasaba vya usugu hata kwa bakteria wa jamii nyingine ambao dawa haijawahi kuwagusa.

Simlaumu mfugaji. Vifaranga wakianza kukoroma, mtaji wake wote uko hatarini, daktari wa mifugo yuko mbali, na mshauri aliye karibu ni muuza duka.

Mwaka 2019 pekee, inakadiriwa watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito zaidi.

Naomba maji ya Msimbazi na majitaka ya hospitali kubwa yapimwe mabaki ya antibiotiki na bakteria sugu, na matokeo yatangazwe. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya kufuatilia usugu kwenye majitaka ya miji yenye wakazi 100,000 na zaidi. Dar es Salaam ina zaidi ya milioni 5. Tuanze hata na vituo vitatu. Mbolea ya kuku nayo iozeshwe vizuri kabla ya kuuzwa, maafisa ugani wasimamie.

Na tafadhali, Mheshimiwa, barua hii isiwe sababu ya kuwafukuza wakulima wa bondeni. Wachimbiwe visima vya maji salama.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Dar es Salaam